Maisha ya Marehemu Abbas Kiarostami, Mwana Sinema wa Uajemi

Katika kumbukumbu za Waislamu hutajwa kwanza mashehe, walimu wa madrasa na wazee waliojenga misikiti. Hiyo ni haki yao, na hapana awezaye kuwapokonya nafasi hiyo. Walakini wako pia watu wa kazi nyingine ambao maisha yao yana mafunzo kwa jamii, nao hustahili kutajwa baada ya wale wa kwanza. Mmoja wao ni marehemu Abbas Kiarostami, Mwajemi wa mji wa Tehran, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za sinema. Jina lake si jina lisikikalo kila siku katika vilima vya Busasamana. Lakini mwaka 2000 alifika katika nchi jirani ya Uganda, akakaa siku kumi kati ya watoto mayatima, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya Masaka, mji ulio katika njia ipitwayo na wafanya biashara wa Rwanda waendao Kampala. Jambo alilolitenda huko, na jinsi maisha yalivyomfunza hata akaweza kulitenda, ndiyo habari ya kurasa hizi.

Abbas Kiarostami alizaliwa Tehran tarehe 22 Juni 1940. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi na kupamba nyumba, akiishi kwa kazi ya mikono yake. Mtoto naye alipenda rangi na kalamu tangu udogo. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alishinda katika mashindano ya uchoraji, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Tehran kusoma sanaa. Masomo hayo hayakulipiwa na tajiri yeyote. Kijana aliajiriwa katika idara ya polisi wa barabarani, na kwa mshahara huo akajisomesha.

Baadaye alipata kazi ya kutengeneza matangazo ya biashara. Baina ya mwaka 1962 na 1966 alitengeneza matangazo ya televisheni yapatayo 150. Alichora pia picha katika vitabu vya watoto, na kuandika majina ya wachezaji yaonekanayo mwanzoni mwa sinema za watu wengine. Kazi hizo zilikuwa ndogo machoni pa watu, lakini hapana shaka zilimfunza adabu mbili ambazo hakuziacha maishani mwake: kusema jambo kwa ufupi, na kutodharau kitu kidogo.

Mlango wake mkubwa ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1960. Palikuwa na taasisi Tehran, ijulikanayo kwa jina fupi la Kanun, iliyowekwa kwa ajili ya kukuza akili za watoto na vijana. Kiarostami alishiriki katika kuanzisha idara yake ya sinema. Basi kazi yake ya kwanza haikuhusu wafalme wala vita. Iliitwa Mkate na Kichochoro, ikatoka mwaka 1970. Ni hadithi ya mtoto arudiye nyumbani na mkate, akakuta mbwa amemzibia njia. Mtoto anaogopa, anasubiri mtu mzima wa kufuatana naye, na mwisho anamtupia mbwa kipande cha mkate, naye mbwa anageuka kuwa rafiki. Ni dakika chache tu, lakini kila aliyepata kuwa mtoto anaijua hofu ile.

Mwaka 1974 alitoa Msafiri. Humo mna mtoto wa mji mdogo ambaye moyo wake wote umo katika mpira. Ili apate nauli ya kwenda Tehran kutazama mchezo, anajifanya kuwapiga picha wenzake kwa kamera isiyo na kitu ndani, akichukua fedha zao. Anafika Tehran, ananunua tikiti kwa bei ya ulanguzi, kisha usingizi wa uchovu unamchukua. Aamkapo, mchezo umekwisha na uwanja ni mtupu. Hapana mhubiri atokeaye kumkemea, wala hapana haja ya mhubiri. Uwanja ule mtupu unatosha.

Mapinduzi ya mwaka 1979 yaliibadili nchi ya Uajemi. Wasanii wengi walihama kwenda Ulaya na Marekani. Kiarostami alibaki. Alikuwa akimfananisha msanii na mti: ukiung'oa katika udongo wake na kuupanda kwingine, aliamini, hauzai tena tunda lile lile. Miaka ile haikuwa miepesi kwake. Ndoa aliyoifunga mwaka 1969, iliyompa wana wawili, Ahmad na Bahman, ilivunjika mwaka 1982. Aliendelea na kazi Kanun, akitengeneza sinema za watoto na shule.

Sinema iliyomtambulisha kwa walimwengu ilitoka mwaka 1987, nayo yaitwa Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Kisa chake kingeweza kutokea katika shule yoyote ya Rubavu. Mwalimu amemwonya mwanafunzi mmoja kwamba akija tena bila ya kazi yake kuandikwa ndani ya daftari, atafukuzwa. Mwenzake, jina lake Ahmad, anafika nyumbani na kuona kuwa amelichukua daftari la rafiki yake kwa makosa. Hajui nyumba ya rafiki huyo; ajua tu kuwa yakaa kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima. Mama anamtuma kazi, babu anamtuma sigara, wakubwa hawamsikilizi. Mtoto anapanda na kushuka kilima hata giza linaingia, na nyumba haioni. Usiku anakaa na kuiandika kazi ile mara mbili, yake na ya mwenzake, na asubuhi rafiki anaokoka. Watoto walioonekana humo hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa wana wa kijiji cha Koker, kaskazini ya Uajemi, na wawili kati yao walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1990 Kiarostami alitoa kazi nyingine iliyozidi kuonyesha tabia ya moyo wake. Maskini mmoja wa Tehran, Hossein Sabzian, alijifanya kwa watu wa nyumba moja kuwa yeye ni Mohsen Makhmalbaf, mtengenezaji sinema mashuhuri. Akala mezani pao, akawaahidi kuwatia katika sinema yake, hata alipogunduliwa akakamatwa na kushtakiwa. Magazeti yalimwona mwongo na mlaghai. Kiarostami aliomba ruhusa kwa kadhi wa mahakama, akapeleka kamera katika baraza la hukumu, akamwacha mshtakiwa aeleze kwa nini alitamani kuwa mtu mwingine. Waliodanganywa walimsamehe. Mwisho Makhmalbaf wa kweli alimpokea Sabzian mlangoni mwa gereza, akampakia juu ya pikipiki, wakanunua maua na kwenda pamoja kuomba radhi. Uongo wa mtu yule haukufichwa, bali heshima yake haikukanyagwa.

Kisha ulikuja msiba mkubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 1990, ardhi ilitetemeka huko Manjil na Rudbar, katika jimbo lile lile chenye kukaa kijiji cha Koker. Makadirio hutaja waliokufa kuwa baina ya 35,000 na 50,000. Miji na vijiji viligeuka vifusi katika muda usiofika kusoma ukurasa mmoja. Watu wa Rubavu hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma na Gisenyi ilitikisika siku kwa siku, kuta na barabara zikapasuka, na wengi wakalala nje wakihofu mapaa yao wenyewe. Waliopitia siku zile wanajua kwamba swali la kwanza la mtu si mali, ni jina la mtu: fulani yu hai?

Hilo ndilo swali alilokwenda nalo Kiarostami. Alifunga safari kuwatafuta wale watoto wa Koker. Katika safari hiyo ikatoka sinema ya mwaka 1992, Uhai Wala si Kingine. Baba na mwanawe wanaendesha gari dogo katika njia zilizofungwa na vifusi, mkononi wana picha ya mtoto, wakiuliza kila wamkutaye. Alitarajia kukuta kilio tu. Alikuta pia watu wakifua nguo na kuchota maji. Alikuta kijana aliyefiwa na jamaa wengi, ambaye hata hivyo alioa siku za msiba ule ule, kwa kuwa wafu hawakujua siku yao, na walio hai hawaijui yao. Alikuta watu wakisimamisha waya wa televisheni juu ya kilima ili watazame mpira wa Kombe la Dunia. Sinema yaisha bila ya watoto kuonekana. Gari linashindwa kupanda kilima, mpita njia mwenye mzigo begani analisukuma, na lipatapo nguvu linasimama kumpakia. Watoto wale walikuwa hai, na watazamaji waliwaona katika sinema iliyofuata.

Sinema hiyo ni ya mwaka 1994, Katikati ya Mizeituni. Ndani yake fundi mwashi maskini anampenda msichana wa kijijini, naye amekataliwa kwa sababu hana nyumba na hajui kusoma. Baada ya tetemeko kijana anatoa hoja isiyojibika kwa urahisi: sasa nyumba zote zimeanguka, basi nani aliye na nyumba? Tena, anasema, asiyejua kusoma na aoe ajuaye, ili watoto wapate wa kuwafundisha. Maneno hayo ni ya mchezo, lakini fikira yake ni nzito, kwamba msiba huweza kuwasawazisha watu ambao mali iliwatenga.

Mwaka 1997 Kiarostami alipata tuzo ya Palme d'Or katika tamasha la Cannes, Ufaransa, akishirikiana nayo na Shohei Imamura wa Japani. Hakuna Mwajemi aliyepata kuipokea kabla yake. Aliipata kwa Ladha ya Cheri, sinema ya mtu aliyekusudia kujiua, azungukaye na gari akitafuta mtu wa kumfukia. Jambo hilo ni haramu, na sinema yenyewe haikulisahau. Askari kijana anakimbia kwa hofu. Mwanafunzi wa dini, Mwafghani, anamkumbusha kuwa uhai ni amana. Mzee mmoja hamhubirii. Anamsimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kwenda na kamba kwenye mti wa forosadi, akaonja tunda lake, akaliona jua likichomoza, akarudi nyumbani na matunda kwa mkewe. Kwa watu wengi, mafunzo ya mzee yule ndiyo yaliyobaki moyoni.

Heshima hiyo haikuja bila ya tabu. Jukwaani alipopewa tuzo, mchezaji wa Kifaransa Catherine Deneuve alimbusu shavuni kwa desturi ya nchi yake, na huko Uajemi baadhi ya watu walikasirika sana, hata akachelewa kurudi. Mara nyingi sinema zake hazikuonyeshwa nyumbani kwake, ilhali watu wa mbali walizisifu. Na mwaka 2002, alipoalikwa katika tamasha la New York, Marekani ilimnyima ruhusa ya kuingia. Aki Kaurismäki wa Finland alikataa kwenda huko kwa kumwonea haki mwenzake. Hivyo mtu mmoja alitiliwa shaka nyumbani na ugenini pia. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa kufanya kazi.

Safari ya Uganda ilianza kwa barua iliyopokelewa kwa faksi. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Kilimo ulimtaka atengeneze picha juu ya watoto walioachwa mayatima na vita na UKIMWI, na juu ya chama cha wanawake cha kuwaokoa, kijulikanacho kwa jina la UWESO, kilichoundwa mwaka 1986. Mwezi wa Aprili 2000 Kiarostami alifika pamoja na mwenziwe Seyfollah Samadian. Walikuwa na kamera mbili ndogo za mkononi, na nia yao ilikuwa kutazama tu, kisha warudi baadaye na vyombo vikubwa. Waliporudi kwao na kuzitazama picha zile, Kiarostami aliona kuwa kazi imekwisha fanyika. Vyombo vikubwa vingewatisha watoto na kuwafanya waigize. Kamera ndogo iliwaacha kuwa walivyo. Sinema hiyo, ABC Africa, ilionyeshwa Cannes mwaka 2001.

Mtu aitazamaye akitazamia machozi matupu hushangaa. Yaonyesha watoto wakicheza ngoma, wakiimba, wakisukumana mbele ya kamera, wakicheka. Yaonyesha wanawake waliofiwa na waume na watoto, wakilea wajukuu na watoto wa jirani, wakikutana kuweka akiba kidogo kidogo ili kila mmoja apate mtaji. Sinema yataja mayatima milioni 1.6, lakini haikuwaacha wawe hesabu. Kila mmoja ana uso wake.

Wala haikuficha mauti. Wakati ule dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa adimu na ghali kwa watu wa kawaida wa Afrika ya Mashariki. Katika hospitali ya Masaka kamera inamwona mtoto aliyekufa akifungwa katika nguo, akiwekwa ndani ya boksi la karatasi ngumu, kisha akichukuliwa juu ya baiskeli. Hapana hotuba inayowekwa juu ya jambo hilo. Mwenye imani anayewaza jinsi Muislamu anavyooshwa, anavyovikwa sanda, na jinsi watu wanavyogombea kulibeba jeneza lake japo hatua chache, hawezi kuiona baiskeli ile ikienda peke yake asiumwe na moyo.

Usiku mmoja hotelini umeme ulizimwa. Kwa dakika kadhaa kitambaa cha sinema kikabaki cheusi, na zikasikika sauti tu za wageni wakipapasa njia ya vyumba vyao na kustaajabu jinsi wenyeji wanavyoishi nusu ya umri wao katika giza namna hiyo. Mtengenezaji mwingine angekata sehemu ile kwa kuogopa kuwachosha watu. Yeye aliiacha, ili mtazamaji wa mji wenye taa aonje kidogo maisha ya wengine. Kisha umeme wa radi unamulika, na mvua yanyesha.

Yafaa kuulizwa, je, siku kumi zinatosha kumfanya mgeni ajue msiba wa watu? Je, ni halali kamera isimame mbele ya maiti ya mtoto asiyeweza kukataa? Maswali hayo ni ya haki, na sinema haiyajibu yote. Mwishoni mwake wako mume na mke wa Austria waliomchukua mtoto mmoja wa kike kuwa wao, nao hawakusifiwa kupita kiasi wala hawakulaumiwa. Mtazamaji ameachiwa apime mwenyewe furaha ya mtoto aliyepata wazazi na uzito wa kuiacha nchi yake. Walakini jambo moja halina shaka. Kiarostami hakuwapiga mayatima picha ili waonewe huruma kama vitu vilivyovunjika. Aliwatazama kama alivyowatazama watoto wa Koker.

Baada ya hapo aliendelea na kamera ndogo. Sinema yake Kumi, ya mwaka 2002, yote ilipigwa ndani ya gari moja likizunguka Tehran. Mwaka 2003 aliandaa mjini Rome mchezo wa taazia, ule ambao Waajemi huutumia kuomboleza msiba wa Karbala. Alipiga picha za theluji na miti, akaandika mashairi mafupi. Mwaka 2000, alipopewa huko San Francisco tuzo yenye jina la Akira Kurosawa, aliitoa pale pale kwa Behrouz Vossoughi, mchezaji mkongwe wa Kiajemi aliyekuwa akiishi uhamishoni. Uzeeni alilazimika kupanda mti wake ugenini alikokuwa akikuhofia: alitengeneza sinema Italia mwaka 2010 na Japani mwaka 2012. Mti haukukauka.

Mwezi wa Machi 2016 alilazwa hospitali Tehran, akapasuliwa, na hali yake ikawa nzito. Mwisho wa Juni alipelekwa Paris kwa matibabu. Huko akafariki dunia tarehe 4 Julai 2016, mwenye umri wa miaka 76, katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani 1437. Mwili ulirudishwa kwao. Baada ya Idi maelfu ya watu walikusanyika kumuaga mbele ya jengo la Kanun, pale pale alipoanza na mtoto wa mkate na mbwa wa kichochoroni, kisha akazikwa Lavasan, karibu na Tehran. Kazi yake ya mwisho ilionyeshwa Cannes mwaka uliofuata, yeye akiwa kaburini.

Rwanda ni nchi iliyojua maana ya neno yatima, hasa baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakati nyumba nyingi zilipopokea watoto wasiokuwa wa damu yao. Muislamu naye ana sababu iliyo juu ya zote ya kumheshimu yatima, kwa kuwa Mtume wake, rehema na amani zimshukie, alikua yatima. Kumpa yatima chakula na nguo ni wajibu uliotangulia. Lakini yako mengi yanayoweza kuharibu sadaka: kumwita kwa msiba wake badala ya jina lake, kumsimamisha mbele ya watu ili mtoaji asifiwe, kumpa huku akitazamwa kama mzigo. Marehemu Abbas Kiarostami hakuwa mwalimu wa fikihi wala hakudai kuwa. Aliacha ushahidi wa jambo moja, kwamba jicho nalo laweza kutoa sadaka, na laweza kudhulumu.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, na awahifadhi mayatima wa Waislamu na wasio Waislamu, katika Busasamana na kila mahali. Amin.